Unabeba Nini?

Kaka yangu anaendesha Boxer huko Muheza. Msimu wa machungwa ukiiva, abiria anawaacha kwa wenzake wa kijiweni, yeye anabeba magunia. Pikipiki yake ukiiona huwezi kuamini kwamba iliwahi kukaa dukani ikiwa na nailoni kwenye kiti. Nyuma ina shokapu nne badala ya mbili, keria ni ya nondo iliyochomelewa na fundi wa pale stendi, na madigadi ya mbele imepandishwa juu ili tope la masika lisikwame. Nimekua nikiona pikipiki za namna hiyo. Kwetu, pikipiki hununuliwa kwanza, kisha hupelekwa kwa fundi ikawe pikipiki ya kazi.

Ilinichukua mwaka mzima na hela nyingi kukumbuka jambo hilo nikiwa Leicester, Uingereza, mbele ya Suzuki SV650 ya mwaka 2000 niliyotaka kuigeuza kuwa ya uwanja wa mbio.

Niliinunua mwaka 2017 kwa pauni 900. Hapo awali nilikuwa nayo ya barabarani tu, ya kwendea zamu ya usiku ghalani. Kisha ikaja barua ya kamera ya spidi: pauni mia moja na pointi tatu kwenye leseni. Jamaa mmoja wa kazini aliyekuwa akienda viwanjani akanicheka. Akaniambia Uingereza kuna viwanja vya mbio karibu kila upande, unalipia siku, unakimbia unavyotaka, hakuna kamera wala lori linalotoka kichochoroni. Nilipomsimulia kaka kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Yaani mdogo wangu unalipa hela kuzunguka na kurudi pale pale ulipoanzia, na hujabeba hata abiria?"

Niseme kidogo kuhusu SV650 kwa wasioifahamu. Suzuki waliitoa mwaka 1999. Injini ni ya silinda mbili zilizokaa kama herufi V kwa nyuzi 90, cc 645, nguvu za farasi kama sabini hivi. Hizi za mwanzo zina kabureta. Mwaka 2003 walibadili fremu wakaweka mfumo wa kuingiza mafuta kwa umeme. Injini yenyewe ni zawadi: inavuta tangu chini, haidai uikimbize hadi ipige mayowe. Ila ilipangwa iuzwe kwa bei nafuu, na mahali walipobana matumizi ni kwenye shokapu na breki. Ajabu ni kwamba jambo hilo nilikuwa nimelisoma na kulisikia mara nyingi kabla sijagusa spana. Nikalipita kama anavyopitwa mwombaji.

Nilianza na ekzosi. Kwa nini? Kwa sababu ekzosi inasikika. Nilinunua ya mitumba kwa pauni 240, nikaongeza chujio la hewa na seti ya jeti za kabureta, nikakesha siku tatu nikifungua na kufunga kabureta mbili zilizojificha katikati ya V kama mayai ndani ya kuku. Mwishowe ikalia vizuri sana. Labda iliongeza farasi watatu au wanne, nami nilijiona bingwa wa mtaa.

Kisha nikaingia kwenye kuvua. Huu ndio upande wa kazi hii unaopendeza na usiogharimu kitu: taa kubwa, indiketa, vioo, vikanyagio vya abiria, mkono wa namba, honi, kiti cha nyuma. Niliviweka vyote kwenye mzani wa bafuni, vikakaribia kilo tisa. Kaka alipoona picha alishtuka. "Umekata taa? Sasa usiku utaendaje?" Nikamweleza kwamba nimeiandikisha serikalini kuwa haitembei tena barabarani, kwa hiyo haina kodi wala bima ya njiani, na kuitoa hata hadi dukani ni kosa. Inabebwa kwenye gari. Hapo ndipo alipocheka hasa: pikipiki inayobebwa.

Stendi ya pembeni nayo nikaing'oa, maana ukilala sana kwenye kona inaweza kugusa lami. Siku hiyo hiyo pikipiki ikaugua. Ukiiwasha inawaka, inanguruma. Ukikanyaga gia ya kwanza, inazima. Nilibadilisha plagi, nikasafisha kabureta upya, nikamlaumu aliyeniuzia jeti. Jioni mbili zilikwenda hivyo. Kwenye pikipiki za kwetu nilizozizoea hakuna kitu cha namna hiyo: kumbe stendi ile ina swichi, na swichi ikikosa stendi inadhani stendi iko chini, basi inakata umeme ili usiondoke ukajiangusha. Dawa yake ni kuunganisha nyaya mbili na kuzifunga tepu. Dakika nne.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Mallory Park, uwanja mdogo magharibi ya Leicester, una ziwa katikati na kijiji jirani. Kijiji ndiyo sababu kelele inapimwa kwa makini. Kabla ya kuingia, kila pikipiki inapimwa: msimamizi anashika kipimo nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe, nawe unashikilia mafuta kwenye mizunguko ya injini anayotaka. Viwanja vingi vya Uingereza kikomo chao kwa kipimo hicho ni desibeli 105. Yangu ilisoma 109. Nikasema ni nne tu, bwana. Akaniangalia kwa huruma. Desibeli haziendi kama kilo za sukari. Zikiongezeka tatu, nishati ya sauti imekuwa maradufu. Ndani ya ekzosi yangu ya pauni 240 pamba ya kioo ilikuwa imeungua yote, limebaki bati tupu. Jirani yangu padokini, pale tunapoegesha kusubiri zamu, mzungu mmoja mwenye ndevu, aliniazima kizibo cha kutia mdomoni. Ikasoma 104. Na zile farasi nilizozikeshea siku tatu nadhani zilibaki nyuma ya kizibo.

Uwanjani wanakugawa kwa makundi: wanaoanza, wa kati, na wenye kasi. Kila kundi linaingia dakika kama ishirini, linatoka, linaingia jingine. Mizunguko ya kwanza unamfuata mwalimu ukioneshwa njia. Mimi nilikuwa kwa wanaoanza, na nashukuru, kwa sababu kilichonipata zamu ya tatu kingenipata katikati ya wenye kasi, leo hii ningekuwa nasimulia mengine.

Mallory ina kona moja inaitwa Shaw's Hairpin, inageuka nyuzi 180 kama unarudi nyumbani kuchukua ulichosahau. Unaifikia ukiwa na mwendo, unashika breki kwa nguvu zote. Zamu ya kwanza sawa. Ya pili sawa, ila mkono wa breki ulikuwa umelegea kidogo. Ya tatu nilivuta, mkono ukaja mpaka kwenye usukani. Laini, kama kukamua embe bovu. Nikaukamua tena na tena, ukashika kidogo mwishoni, nikapita moja kwa moja hadi kwenye majani huku pua ya pikipiki imezama chini kabisa na gurudumu la mbele likirukaruka. Sikuanguka. Nilisimama kwenye majani nikiusikia moyo wangu ndani ya helmeti.

Nikarudi padokini. Nusu saa baadaye mkono ulikuwa mgumu tena kama hakuna kilichotokea, jambo lililonitisha zaidi. Nikaifunga garini, saa saba mchana, nusu ya siku niliyoilipia bado ipo.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa duka la spea nikinunua chupa ya fluidi ya breki, simu sikioni, naongea na kaka. Namwambia nyumbani ninayo chupa nyingine iliyofunguliwa, labda ingetosha. Sauti nyuma yangu ikasema, kwa Kiswahili: "Chupa iliyofunguliwa ni ya kusafishia rangi, bwana. Tupa hiyo."

Nikageuka. Mzee wa Kihindi, koti la sufi, vidole vyeusi kwenye mikunjo kama vya fundi yeyote duniani. Nikamsabahi: "Shikamoo mzee." Akajibu: "Mzuri." Baadaye nilikuja kujua ni mtu wa Jinja, na kule shikamoo hawakuizoea. Aliondoka Uganda kijana mdogo mwaka 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90. Baba yake alikuwa na gereji, na Kiswahili chake ni cha gereji: spana, nati, kaza, legeza, pole pole, mjinga huyu. Halmashauri ya jiji la Leicester wakati ule ilitia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije, mji umejaa. Mzee anapenda kusema kwamba baba yake alisoma lile tangazo ndipo akajua kuna mji unaitwa Leicester.

Alinialika nilete pikipiki kwenye banda lake karibu na Belgrave Road. Nilijiandaa kumsifia ekzosi. Hakuitazama. Aliinama kwenye tairi la mbele, akapangusa ubavu kwa kidole gumba, akasoma tarakimu nne: 2309. "Wiki ya ishirini na tatu, mwaka elfu mbili na tisa," akasema. Tairi lilikuwa na miaka minane. Michirizi imejaa, mpira haujaisha, mimi nililiona zima. Alibonyeza kucha, haikuacha alama. Akasema hilo ni la kufungia bembea ya watoto.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulielewa: "Wewe unabeba nini?"

"Sibebi kitu, mzee. Ni ya uwanjani."

"Unabeba nini?"

"Mwili wangu tu."

"Kilo ngapi?"

Tisini na mbili. Ukiongeza suti ya ngozi, buti na helmeti, naivuka mia. Akatikisa kichwa polepole, akachukua kikamba cha plastiki cha kufungia nyaya, akakizungushia kwenye bomba la shokapu ya mbele kikiwa kimegusa sili. Akamwita mjukuu wake ashike pikipiki wima. Wakainyanyua mpaka shokapu ikanyooka kabisa, wakapima. Wakaniambia nipande nikae nilivyokaa uwanjani, wakapima tena. Tofauti ilikuwa milimita 54. Safari nzima ya shokapu ile ni kama 130. Maana yake ni kwamba kabla sijagusa breki, kabla ya tuta lolote, mimi mwenyewe kwa kukaa tu nilikuwa nimekwisha kula zaidi ya theluthi ya springi. Nikivuta breki, pua inakula iliyobaki. Ikifika chini hakuna tena shokapu, kuna chuma juu ya chuma, na gurudumu linarukaruka kama lilivyorukaruka pale majanini Mallory.

Hapo ndipo nilipoiona Boxer ya kaka waziwazi, na zile shokapu nne. Fundi wa stendi ya Muheza, ambaye sidhani kama amewahi kushika futi ya milimita kwa ajili ya shokapu, swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: machungwa au abiria? Magunia mangapi? Sikuwa na haja ya kuja Ulaya kulisikia.

Kazi ilianzia kwenye breki, na sikuruhusiwa kugusa kingine mpaka ziishe. Mzee alifungua nati ya kutolea upepo, ikatoka fluidi ya rangi ya chai ya rangi. Fluidi ya breki hunywa unyevu kutoka hewani, hata ikiwa imefungwa kwenye mipira yake, kidogo kidogo kwa miaka. Ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishakunywa maji, kiwango chake kinashuka hadi karibu 155. Barabarani hufiki huko. Uwanjani unashika breki kwa nguvu kila baada ya sekunde chache kwa dakika ishirini, joto la diski linapita kwenye pedi na pistoni, maji yanachemka, yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Ndiyo lile embe bovu. Ikipoa, mvuke unarudi kuwa maji na mkono unakuwa mgumu, nawe unadhani ni mawazo yako. Tulibadilisha fluidi, tukaweka pedi za kasi, na mipira ya asili ya mwaka 2000 tukaitoa, tukafunga ile iliyosukwa kwa waya wa chuma, isiyotuna ukivuta. Vyote kwa pamoja havikufika bei ya ekzosi yangu.

Shokapu za mbele ndizo zilizotumia muda. Ndani ya aina ile ya zamani hakuna vali ya maana. Kuna bomba lenye matundu, basi. Pua ikizama taratibu, mafuta yanapita bila kizuizi na inaendelea kuzama. Ukikanyaga tuta kwa ghafla, mafuta yanagoma kupenya tundu dogo, na kishindo chote kinamalizikia kwenye viganja. Kwa hiyo inakuwa laini unapotaka ugumu, na ngumu unapotaka ulaini. Tulitoa mabomba, mzee akayapanua matundu kwa drili, kisha juu ya kila bomba, chini ya springi, ikakaa vali ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Matundu sasa hayazuii kitu, vali ndiyo inayoamua. Springi zikawa za kilo 0.95 kwa milimita, yaani kuibonyeza milimita moja kunadai kilo 0.95, za mtu wa uzito wangu. Tulipima tena na kile kikamba: milimita 36. Mzee akasema "bas", akaenda kunywa chai.

Nyuma tulifunga shokapu ya mitumba kutoka GSX-R, ndugu yake mkubwa wa Suzuki. Wenye SV wengi hufanya hivyo. Ilibidi kukata kidogo sanduku la betri ili kichupa chake cha pembeni kipate nafasi. Iliinua mkia kidogo, na pikipiki ikaanza kugeuka kwa wepesi, kana kwamba imekumbuka jambo.

Mengine yalikuwa madogo. Vikanyagio vya juu zaidi, maana vya asili nilikuwa nikivikwaruza. Sproketi ya mbele kupunguza jino moja, ambalo kwa pikipiki hii ni sawa na kuongeza matatu nyuma, na ni nafuu zaidi. Kava la fibaglasi la bei ya chini, lililopakwa rangi kwa brashi. Mita tatu mbali linapendeza.

Waya ndio uliotugombanisha. Mzee alitaka nati ya kumwagia oili na chujio la oili vitobolewe na kufungwa kwa waya mwembamba ili visilegee. Kwenye mashindano ni lazima. Kwa siku za kujiendeshea kama zangu hakuna aliyenidai. Nikasema tunapoteza muda. Akataka pia kulanti imwagwe, tuweke maji matupu kwenye rejeta, kwa kuwa kulanti ikimwagika kwenye lami ni mlenda, na anayekuja nyuma yako ana watoto. Nilifanya yote mawili kwa kununa. Maji matupu nayo yana adabu yake: Novemba ikifika unayamwaga, la sivyo baridi ya Januari inayagandisha na kupasua injini.

Mei 2018 tukaenda Cadwell Park, Lincolnshire. Mzee alikuja, akakaa kwenye kiti cha kukunja na chupa yake ya chai na chevda kwenye kopo. Cadwell ni uwanja wa tangu mwaka 1934, kilomita tatu na nusu, umepita kwenye vilima na miti kama njia ya kwenda Amani, mwembamba, unapanda na kushuka. Kuna mahali panaitwa Mountain, kilima kifupi na kikali kiasi kwamba wanaojua hupita juu yake magurudumu yakiwa hewani. Mimi gurudumu la mbele liliinuka kama shibiri moja, nikapiga ukelele wa Kibondei ndani ya helmeti ambao marehemu bibi angeutambua.

Pikipiki ilikuwa nyingine. Sina namna bora ya kulisema. Nilivuta breki kuingia Park, pua ikashuka kidogo ikatulia pale, ikaningoja. Hapo awali nilikuwa nikivuta breki, nasubiri pua imalize kuzama ndipo nigeuze. Sasa nilikuwa nageuza huku bado nimeshika breki. Zile za cc elfu moja zilinipita kwenye vipande vilivyonyooka kana kwamba nimesimama kununua muhogo. Tulipoingia Hall Bends, kwenye vikona vilivyofuatana chini ya miti, nikazikuta zote zimepangana mbele yangu. Kuna jamaa mmoja alikuja padokini kuniuliza ndani nimeweka nini. Nilifungua mdomo kutaja ekzosi, nikamwona mzee anachagua karanga kwenye chevda, nikasema springi.

Upepo wa matairi nao nilijifunza siku hiyo. Barabarani ni psi 33 mbele na 36 nyuma. Uwanjani tairi linapata joto na upepo unavimba, kwa hiyo nilianza na 31 mbele na 29 nyuma yakiwa baridi, nikawa napima kila nikitoka. Matairi yalikuwa mapya, ya mwaka ule. Nilikuwa na kila kitu sawa, na ndiyo maana nililala chini.

Ilikuwa zamu ya kwanza baada ya chakula, mzunguko wa pili. Cadwell inaenda upande wa saa. Baada ya Coppice unakuta kona za kulia moja baada ya nyingine, ndefu: Charlies, Park, Chris Curve. Upande wa kulia wa tairi unapata moto; wa kushoto unapigwa upepo tu. Kisha unashuka Gooseneck, unakutana na Mansfield, inakwenda kushoto. Nililaza kama nilivyolaza asubuhi. Gurudumu la mbele likaondoka bila salamu. Nilijikuta nateleza kwa mgongo nikiitazama pikipiki inavyokwenda mbele yangu kwa utulivu, ikizunguka polepole kama feni inayozimwa.

Walinyoosha bendera nyekundu. Watu ishirini walirudi padokini kwa sababu yangu. Hiyo aibu iliniuma kuliko goti.

Mzee alikuja akitembea haraka kuliko nilivyomzoea. "Mguu?" akauliza. Mzima. "Mkono?" Mzima. Basi akaniacha, akaizunguka pikipiki. Mkono wa klachi umekatika, kikanyagio cha kushoto kimevunjika na kiungo chake, kava limepasuka, usukani umepinda kidogo. Akalala chini kabisa kwenye saruji, koti la sufi na yote, akachungulia tumbo la injini. Waya ulikuwepo. Hakuna tone la oili lililotoka, na kule Mansfield nilikuwa nimemwaga maji kidogo tu ya rejeta yaliyokauka kabla gari la uokoaji halijaondoka. Hakusema "nilikwambia". Aliweka kidole kwenye waya, akakigonga mara mbili.

Mkono wa klachi nilikuwa na wa akiba, kikanyagio sikuwa nacho, siku ikaishia hapo. Siku hizi kwenye sanduku langu mna mikono miwili, vikanyagio viwili, na tepu ya kutosha kufunga maiti. Na nikitoka zamu ya kwanza baada ya chakula, mizunguko mitatu ya mwanzo naendesha kama nimempakia mama mzazi.

Nimefanya siku kumi na moja tangu hapo. Nimeijumlisha hela yote mara moja tu, nikafunga daftari. Ekzosi niliiuza pauni 150 kwa kijana mmoja aliyenifurahisha kwa jinsi alivyoishika. Nikamwambia pamba ya ndani imekwisha, anunue nyingine, akasema ndiyo ndiyo huku hanisikii. Nilirudisha ya kiwandani. Inasoma 94.

Mwezi uliopita kaka alinipigia. Aliniuliza zile springi za zamani za mbele niliziweka wapi. Zipo, kwenye boksi chini ya kitanda. Akasema nikija Desemba nimletee. Nikamwambia, kaka, zile zilinishinda, ni laini mno, ukiweka gunia moja la machungwa zinakaa chini zisiamke.

"Machungwa nani kasema?" akajibu. "Kuna mama hapa anataka apelekewe trei za mayai Tanga mjini kila Jumatano, na njia ya kutoka kwake unaijua. Laini ndiyo naitafuta."

Zitaingiaje kwenye Boxer, hilo ni la fundi wa stendi. Nimezipangusa mafuta, nimezifunga kwenye gazeti, ziko kwenye begi.